Jinsi ya kusoma gredi za bolti, na kwanini 8 siyo 8.8

Chukua bolti yoyote iliyo karibu yako, ifute mafuta na vumbi kichwani halafu iangalie kwenye mwanga. Kama ina namba mbili zenye nukta katikati, mfano 8.8 au 10.9, hiyo ni ya milimita na imeshakwambia karibu kila kitu. Kama ina vimistari vimetawanyika kichwani kama miale ya jua, hiyo ni ya inchi, mfumo wa Marekani. Ikiandikwa A2-70 au A4-80 ni stenlesi. Na kama haina kitu kabisa, kichwa kipo kama kipara, wewe ichukulie ni laini tu na usiipe kazi yoyote ambayo ikikatika kuna mtu anaumia.

Hapo nusu ya kazi imeisha. Nusu iliyobaki ni kujua hizo alama zinasema nini hasa, manake wengi tunajua "8.8 ni ngumu" lakini ukimuuliza mtu 8 ya kwanza ni ya nini na 8 ya pili ni ya nini anakujibu aah, ndo gredi yake hiyo. Halafu kuna kosa kubwa kuliko hilo, la kudhani ukishanunua bolti yenye namba kubwa basi umemaliza. Bolti ngumu iliyofungwa kilegevu inakatika mapema kuliko bolti laini iliyofungwa vizuri, na hilo ntalielezea tukifika kwenye kukaza.

Namba mbili, kazi mbili

Namba ya kwanza izidishe kwa 100, unapata nguvu inayotakiwa kuivuta bolti mpaka ikatike, kwa megapaskali. 4 ni 400, 8 ni 800, 10 ni 1000, 12 ni 1200. Megapaskali moja ni nyutoni moja kwenye kila milimita ya mraba, na nyutoni 10 ni kama uzito wa kilo moja, kwahiyo 800 ni sawa na kuning'iniza mtu mzima wa kilo 80 kwenye kijiti cha chuma chenye upana wa milimita moja kwa milimita moja. Ndo ujue chuma ni kitu gani.

Namba ya pili, ile ya baada ya nukta, inakwambia bolti itaanza kuvutika bila kurudi ikifika asilimia ngapi ya ile ya kwanza. .8 ni asilimia 80, .9 ni asilimia 90, .6 ni asilimia 60. Hapa elewa vizuri: bolti ni spring. Ukiikaza inavutika kidogo sana, ukiilegeza inarudi urefu wake wa mwanzo. Ila kuna mahali ukipita hairudi tena, inabaki ndefu kidogo kuliko ulivyoikuta, na hapo hata kama haijakatika imeshakufa, haibani tena kama ilivyokuwa. Ndo maana mimi namba ya pili naiheshimu kuliko ya kwanza. Bolti iliyokatika unaiona. Iliyovutika inakaa pale inakuchekea.

Njia ya mkato: zidisha namba mbili zenyewe kwa zenyewe halafu weka sifuri mwishoni. 8 mara 8 ni 64, weka sifuri, 640, hapo ndo 8.8 inapoanza kuvutika moja kwa moja. 10 mara 9 unapata 900. 12 mara 9 unapata 1080. 4 mara 6 unapata 240. Umeona tofauti ya 4.6 na 8.8? Watu wanadhani 8.8 ni mara mbili ya 4.6, na kwenye kukatika ni kweli, ila kwenye kuvutika ni 640 dhidi ya 240, karibu mara tatu.

Utaratibu huu unatoka kwenye kiwango cha ISO 898-1. Gredi utakazokutana nazo zaidi ni 4.6, 4.8, 5.8, 8.8, 10.9 na 12.9. Kiwango chenyewe kinadai kidogo zaidi ya hesabu ya kichwani, mfano 10.9 inatakiwa ifike 1040 na siyo 1000, ila kwa kuchagua bolti ile hesabu yetu ya mkato inatosha kabisa.

Wakati mwingine utaona sifuri imewekwa mbele, 08.8 au 010.9. Siyo makosa ya kiwandani. Inamaanisha chuma chake ni cha gredi hiyo lakini umbo la kichwa, labda chembamba au cha mviringo chenye tundu la alenki, haliwezi kubeba mzigo wote wa gredi hiyo (alenki ni ile spana ya pembe sita inayoingia ndani ya kichwa). Chuma kizuri kichwa kidogo, kwahiyo usiihesabie kama 10.9 kamili.

Kugeuza megapaskali kuwa tani

Megapaskali peke yake haisaidii kitu mpaka ujue bolti ina nyama kiasi gani. Na nyama hiyo siyo ya upana wa nje, ni ya pale kwenye nyuzi ambapo chuma kimechongwa kikabaki chembamba. Kwa nyuzi za kawaida (M ni ya mfumo wa milimita, na namba yake ni upana wa nje wa bolti), M6 ina milimita za mraba 20.1, M8 ina 36.6, M10 ina 58, M12 ina 84.3, M16 ina 157 na M20 ina 245. Ziandike mahali hizo, zinasaidia sana.

Sasa chukua M10 ya 8.8. 58 mara 640 ni nyutoni 37,000 na kidogo, yani kama tani 3.8 ndo inaanza kuvutika bila kurudi. M10 hiyo hiyo ikiwa 4.6 ni nyutoni 13,900, tani 1.4. Ikiwa 10.9 ni nyutoni 52,200, tani 5.3. Halafu angalia hii: M12 ya 8.8 inafika nyutoni 53,900, yani imeipita kidogo M10 ya 10.9. Kwahiyo kama tundu lina nafasi ya kuongeza saizi moja, mara nyingi huhitaji kabisa kukimbilia gredi kubwa, unaongeza unene tu na unabaki na chuma kisicho na matatizo mengi.

Hizo ni tani za kuvuta bolti kwa urefu wake. Kama mzigo unaikata kwa ubavu, kama mkasi, hesabu kama asilimia 60 ya nguvu ya kukatika. Na hapo hakikisha pale vyuma viwili vinapokutana pamelaliwa na sehemu nzima ya bolti isiyo na nyuzi, manake ukiacha nyuzi ndo zikae pale kwenye mkasi umeipunguza bolti nyama mwenyewe.

Kingine, hizi siyo tani za kuning'iniza kitu juu ya vichwa vya watu. Huu ndo mpaka wa bolti kuharibika, mzigo wa kazi unakuwa chini ya hapo sana, na kwa vitu vya kunyanyua watu au mizigo kuna vifaa vyake vilivyopimwa, usijitungie.

Chuma gani kiko ndani

4.6 ni chuma laini cha kaboni kidogo, hakijafanyiwa lolote la maana. 4.8 na 5.8 ni ndugu zake ila zimesukwa zikiwa baridi, ndo maana zimeongezeka ukali kidogo. Kuanzia 8.8 kwenda juu mambo yanabadilika, chuma ni cha kaboni ya kati, wakati mwingine kimechanganywa na boroni kidogo, kinapashwa moto mkali, kinazimwa ghafla kwenye mafuta au maji halafu kinapashwa tena kwa moto wa chini ili kipunguze ukorofi. 12.9 ni aloi kabisa, ndani kuna kromi, au molibdeni, au nikeli, na mara nyingi utaikuta ni zile bolti nyeusi za alenki.

Huo moto wa pili, kwa 8.8 na 10.9, haushuki chini ya nyuzijoto 425. Hii ina maana kwako wewe mwenye mtungi wa gesi: ukiipasha 8.8 mpaka iwe nyekundu ili uikunje, au ukichomelea nati juu yake, umefuta kazi yote ya kiwandani. Kichwani bado imeandikwa 8.8 ila pale ulipochoma siyo 8.8 tena, ni kitu ambacho hakuna anayejua. Bolti iliyochomwa kwa moto ni ya kutupa, hata kama inang'aa.

Na tukiwa hapo hapo kwenye kung'aa, rangi haikwambii gredi. Ya njano, nyeupe, nyeusi, ya bluu bluu, hizo ni zinki na dawa za kuzuia kutu. Kuna watu wanaapa kwamba ya njano ndo ngumu, na kweli bolti nyingi za Gredi 8 za inchi zimezoeleka kuja na njano, ila 4.8 nayo inaweza kupakwa njano na ikapendeza vile vile. Soma kichwa.

Kitu ambacho kilinishangaza mimi nilipokielewa: bolti zote za chuma zinavutika sawa kwa mzigo sawa. 4.6 na 12.9 za saizi moja, zote ukizivuta tani moja zinarefuka kiasi kile kile. 12.9 haigomi kuvutika zaidi ya 4.6, ila yenyewe inaweza kuvutwa mbali zaidi na bado ikarudi. Tofauti ni pale mwisho wa kamba, siyo njiani.

Sasa za inchi, na huo mtego wa 8

Kwenye bolti za inchi za mfumo wa SAE, kile chama cha wahandisi cha Marekani, unahesabu mistari kichwani halafu unaongeza 2. Mistari 3 ni Gredi 5. Mistari 6 ni Gredi 8. Bila mstari, ichukulie Gredi 2. Gredi 5 inakatika kwenye psi 120,000 (paundi kwa kila inchi ya mraba), ambayo ni kama megapaskali 827. Gredi 8 ni psi 150,000, kama megapaskali 1034.

Ukizipanga pembeni ya za milimita utaona Gredi 5 ndo jirani wa 8.8, na Gredi 8 ndo jirani wa 10.9. Soma tena hiyo sentensi. Mtu anatoa Gredi 8 kwenye mashine ya zamani, anaenda kutafuta mbadala, anaambiwa "hii hapa 8.8" anasema sawa 8 ni 8, anaifunga. Kashuka daraja zima bila kujua. Inapotokea kwenye bolti ya kishikizo cha injini au ya kiungo cha trela ndo unasikia tu mlio njiani.

Mtego wa pili wa inchi ni saizi. Bolti ya 5/16 ina upana wa milimita 7.94, M8 ni milimita 8, kwa macho hizo ni pacha. Lakini M8 ya kawaida nyuzi zake ziko umbali wa milimita 1.25 na 5/16 ya nyuzi pana ina nyuzi 18 kwa inchi, yani milimita 1.41. Nati inaingia mizunguko miwili mitatu, inakaza, wewe unafikiri kuna kutu kidogo, unaongeza spana, nyuzi zimekufa. Nimeua nyuzi za kitako cha alumini kwa staili hii mwenyewe, na nilikuwa nimejiamini kweli kweli. Kanuni yangu tangu siku hiyo: nati au bolti ikiingia kwa vidole chini ya mizunguko mitano halafu ikagoma, toa, pima.

Na ile tabia yetu ya kuita bolti kwa saizi ya spana, "nipe bolti ya kumi na tatu", "ya kumi na saba", inafanya kazi mkiwa mnaelewana karakana moja, ila siyo saizi ya bolti. Spana 13 mara nyingi ni M8. Lakini spana 17 inaweza kuwa M10 kwenye bolti za zamani, na kwenye magari ya Kijapani 17 unaikuta kwenye M12, huku M10 yao ikishikwa na 14. Ukienda kununua taja M, umbali wa nyuzi, urefu na gredi. M10, nyuzi 1.25, urefu 40, gredi 10.9. Hapo hakuna ubishi.

Kwenye magari hayo hayo ya Kijapani pia utakuta kichwani namba moja tu isiyo na nukta, kama 4 au 7. Hiyo 7 inasomwa kilo 70 kwa milimita ya mraba, ukigeuza ni karibu megapaskali 690. Kwahiyo ni chini ya 8.8, haina haja ya kuogopa kuweka 8.8 mahali pake, isipokuwa pale kitabu cha gari kimesema vinginevyo.

Stenlesi siyo ngumu kama unavyofikiri

Hapa naomba tubishane kidogo manake ni imani ya watu wengi, kwamba stenlesi ni ghali basi ina nguvu kuliko zote. Hapana. Kwenye A2-70, A2 ni aina ya chuma, jamii ya 304, na 70 zidisha kwa 10 unapata 700 za kukatika. Kuvutika bila kurudi inaanza kwenye 450. Weka pembeni ya 8.8 yenye 640 uone. A4-80 ni jamii ya 316, ina molibdeni ndani, inakatika kwenye 800 na kuvutika kwenye 600, hiyo angalau imeikaribia 8.8 ila haijaifikia. Na ipo hata ile ya 50, inaanza kuvutika kwenye 210, yani iko chini ya 4.6 hata kama inang'aa kama kioo.

Stenlesi inanunuliwa kwa ajili ya kutu. A2 kwa mvua na maji ya kawaida, A4 kwa chumvi, bahari, klorini. Ukibadilisha bolti za 10.9 za breki au za usukani ukaweka stenlesi kwasababu zimependeza, umejitengenezea hatari kwa hela yako mwenyewe.

Halafu stenlesi kwa stenlesi ina ugonjwa wake, inajishika. Unakaza kwa kasi, nyuzi zinapata joto, ule utando mwembamba unaozuia kutu unakwanguka, chuma kinang'ang'ania chuma mwenzake na nati haiendi mbele wala nyuma. Haiachii hata kwa mafuta, hapo ni msumeno tu. Dawa ni kupaka grisi ya kuzuia kushikana kabla, na kukaza taratibu, usitumie kabisa ile mashine ya kupiga upepo. Na usizifunge moja kwa moja kwenye alumini sehemu yenye maji ya chumvi, alumini italiwa kuzunguka bolti na bolti itabaki nzima.

Kupima kwa sumaku? Inasaidia kidogo tu. Stenlesi hizi hazivutwi sana na sumaku, ila zikisukwa kiwandani zikiwa baridi zinaanza kuvutwa kidogo, kwahiyo A2 halali inaweza kunasa sumaku kidogo na bado ikawa A2.

Nati isiachwe nyuma

Nati nayo ina namba, moja tu: 5, 6, 8, 10, 12. Inatakiwa ilingane na namba ya kwanza ya bolti au izidi. 8.8 na nati 8. 10.9 na nati 10. Ukiweka nati laini kwenye bolti ya 10.9 kitakachotokea ni nyuzi za nati kukwanguka, na zinakwanguka kimya kimya, kidogo kidogo. Mpangilio mzima umefanywa hivyo makusudi ili kikikatika kikatike kitu kinachoonekana, yani mwili wa bolti, siyo nyuzi zilizojificha ndani.

Mzigo wenyewe haugawanyiki sawa kwenye nyuzi. Uzi wa kwanza, ule ulio karibu na sehemu inayobanwa, unabeba karibu theluthi moja peke yake, unaofuata pungufu, na kuendelea. Ndo maana kuongeza nati ndefu sana hakukupi nguvu nyingi unazodhani. Kwa chuma kwenye chuma, bolti ikiingia urefu sawa na upana wake imetosha. Kwenye alumini nenda mara moja na nusu mpaka mara mbili. Na kwenye nati acha nyuzi moja mpaka tatu zitokeze juu.

Washa pia, yani ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa au nati. Chini ya 10.9 ukiweka washa laini inabonyea kama bati, na kila inapobonyea bolti inapoteza mkazo. Weka washa ngumu. Ile washa ya spring iliyokatwa, mimi kwenye bolti za gredi kubwa sijihangaishi nayo, ikishabanwa ikalala bapa imeshakuwa washa ya kawaida tu.

Kukaza, ambako ndo gredi inaanza kazi

Turudi kwenye ile spring. Ukifunga bolti vizuri inavuta vyuma viwili pamoja kwa nguvu kubwa kuliko mzigo unaokuja kuvitenganisha. Mtikisiko ukija, vile vyuma vilivyobanana ndo vinaupokea sehemu kubwa, bolti haihisi sana. Ukiifunga kilegevu kila mtikisiko unaivuta na kuiachia bolti, inavutwa na kuachiwa, mara elfu, mara laki, na chuma kinachoka. Kinaanza ufa mdogo kwenye uzi wa kwanza na siku moja kinaachia. Hapo 12.9 haikusaidii kitu, hukuipa hata nafasi ya kutumia nguvu zake.

Hesabu ya kukaza ni hii: toki, yani nguvu ya kuzungusha unayoweka kwenye spana, ni sawa na 0.2 mara nguvu ya kubana mara upana wa bolti kwa mita. Ile 0.2 ni ya bolti kavu. Nguvu ya kubana tunalenga robo tatu ya mzigo ambao kiwango kinasema bolti inaubeba bila kubaki na urefu wowote wa ziada, ambao kwa 8.8 ya M16 kushuka chini ni megapaskali 580, kwa 10.9 ni 830, kwa 4.6 ni 225.

M10 ya 8.8 basi: 580 mara 58 mara 0.75 ni nyutoni kama 25,200. Mara 0.2 mara 0.010, unapata nyutoni mita 50. Kwa M10 ya 10.9 inatoka kama 72. Kwa 4.6 inatoka kama 20 tu. Sasa fikiria umeikuta 4.6 kwenye tundu la 8.8 na wewe unafuata kitabu unaweka 50: umeivuta kwa nyutoni 25,000 wakati yenyewe inakatika kwenye 23,200. Inakukatikia mkononi hapo hapo, na kusema kweli hiyo ndo bahati, bora ikatike mkononi kuliko ikiwa kazini.

Tatizo la toki ni kwamba kati ya nguvu unayoweka kwenye spana, kama asilimia 10 tu ndo inaenda kuivuta bolti. Nusu inaliwa na msuguano chini ya kichwa, na kama asilimia 40 inaliwa kwenye nyuzi. Kwahiyo ukipaka oili umepunguza msuguano kidogo na ghafla ile asilimia 10 inaruka juu. Kwa bolti yenye oili tumia kama 0.15 badala ya 0.2, ile 50 inashuka mpaka 38. Ukiona namba ya toki kwenye kitabu angalia imeandikwa kavu au ya kupakwa, usipake grisi kwa huruma halafu ukaweka toki ya kavu. Na kama mtengenezaji ametoa namba yake, fuata ya kwake, hesabu yangu ni ya pale ambapo hamna kitabu.

Kuna bolti kama za silinda hedi za injini nyingi za siku hizi zinakazwa kwa toki kidogo halafu kwa pembe, mfano unazungusha digrii 90 na 90 tena. Hizo zinavutwa makusudi mpaka zipite ule mpaka wa kurudi, na ukizifungua ni za kutupa. Kuzirudisha ni kubahatisha na gasketi yako.

Pale gredi kubwa inapokuponza

12.9 ina ugumu ambao unaipa udhaifu mmoja mbaya, haidrojeni. Bolti ikipakwa zinki kwa umeme au ikisafishwa kwa asidi, haidrojeni inaingia ndani ya chuma. Kwenye 8.8 haina shida ya maana, kwenye 10.9 kiwanda kinatakiwa kiwe makini na kuichoma kwenye oveni baada ya kupaka ili itoke, kwenye 12.9 hatari ni kubwa zaidi. Inavyokatika sasa: unaifunga leo, toki sahihi, kila kitu safi, kesho au keshokutwa unakuta kichwa kimeanguka chini chenyewe bila mtu kugusa. Kwahiyo usichukue 12.9 nyeusi ukaipeleka kwa mtu wa kupaka zinki kwasababu inapata kutu. Ukihitaji isishike kutu shuka gredi ongeza unene.

Na kuna bolti zimewekwa laini kwa makusudi. Kwenye mashine za kukata majani, za kusaga, za kuvuna, utakuta bolti moja inayounganisha shafti na kazi yake ni kujitoa mhanga, jiwe likiingia yenyewe inakatika giaboksi inapona. Niliwahi kuchoka kuibadilisha kila mara nikaweka 10.9. Haikukatika tena kweli. Kilichokatika ni meno ya gia. Kwahiyo swali la kwanza kabla hujapandisha gredi ni: hii inakatika kwasababu ni dhaifu, au ndo kazi yake?

Na feki zipo, siyo za jana. Marekani walitunga sheria ya vifungio mwaka 1990 baada ya bolti za chuma cha boroni, gredi 8.2, kuuzwa zikiwa na alama za Gredi 8, na shida ya hizo ni kwamba kwenye joto zinalegea mapema. Bolti halali ya 8.8 kwenda juu inatakiwa iwe na namba na pia alama ya kiwanda, herufi au nembo. Ikiwa na namba peke yake, au namba imechongwa vibaya kama imeandikwa kwa msumari, mi siichukui kwa kazi ya maana. Tupa la fundi pia linakupa fununu: 4.6 inalika kirahisi kama sabuni, 12.9 inalika kwa shida. Ni fununu tu lakini, siyo cheti.

Ikishakatika, usiitupe kabla hujaiangalia

Kipande kilichokatika ni barua. Kama shingo imekuwa nyembamba kama utomvu uliovutwa kabla ya kukatika, ilizidiwa mzigo au ulikaza kupita kiasi, hapo ndo kuongeza gredi au unene kuna maana. Kama imekatika bapa, punje punje zinang'aa, bila kuvutika kabisa, na ilikuwa ngumu na imepakwa zinki, mfikirie haidrojeni. Kama sehemu moja ni laini ina mistari ya upinde upinde kama maji yalivyoacha alama ufukweni, halafu kipande kidogo kilichobaki ni kibaya chenye makwaruzo, huo ni uchovu wa chuma, na karibu kila mara chanzo ni kulegea. Ya aina hiyo ukiibadilisha na namba kubwa zaidi ukaikaza vile vile ulivyozoea, itakatika tena.

Na kama hizo bolti zilikuwa sita pamoja na moja imekatika kwa uchovu, toa zote sita. Hizo tano zilikuwa zinabeba mzigo wa mwenzao aliyelegea, na ufa wa ndani huuoni kwa macho.